Neno la Silabi Mbili

Dukani kwa Mzee Khokhar, mtaa wa Rengua,
palikuwa na spoki za kila urefu, gundi ya pancha,
na daftari moja la jalada jeusi.
Madeni aliyaandika kwa Kiswahili, kuanzia mbele.
Mashairi aliyaandika kwa Kiurdu, lugha inayotoka kulia,
kwa hiyo yalianzia nyuma.
Mwaka baada ya mwaka yakasogeleana
kama treni mbili kwenye reli moja.

Mimi Elisaria nilikuwa kijana wa kunyoosha rimu.
Nazungusha gurudumu, naye anazungusha mstari,
anausoma, anaukata, anaurudia.
"Bado inayumba," husema,
nisijue ni rimu au ni shairi.

Lugha ile sikuijua. Ila katikati yake
walipita watu niliowafahamu:
dunia, roho,
wakati aliyekatwa mkia, subira aliyenyolewa.
"Mzee, haya si yetu? Mmetuibia?"
Akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Sote tumekopa, Elisaria. Mwenye duka yuko Uarabuni,
na hajawahi kuja kudai."

Ghazali, alinieleza, hufungwa kwa jina la mtunzi.
Mstari wa mwisho anajiita mwenyewe,
kama mtu anayebisha hodi kwake.
Wenzake walijiita Kiu, Jeraha, Mgeni.
Yeye alijiita Kibo.
Nairobi, kwenye mkesha wa washairi, walimcheka:
Kibo ndiyo nini? Tunda?
Akarudi na basi la usiku, koti limejaa vumbi.
"Wale wanaishi tambarare," akasema.

Alishapeleka Bombei karatasi saba, kwa posta,
stempu za twiga zimejaa bahasha.
Miaka minne, hakuna jibu.
Jumapili tukaendelea kwenda sinema, viti vya mbele,
shingo zetu zikiuma.

Siku ile mvua ilipiga bati, filamu ikakatika mara mbili,
watu wakapiga miluzi, taa zikawaka, zikazima.
Halafu wimbo wa tatu.
Mwanamke, sari nyeupe, mlima wa mbao, theluji ya pamba,
akafungua kinywa
nami nikasikia spoki.
Yaani mkono wangu ulianza kuzunguka wenyewe, gizani.
Nilijua dunia inakuja. Nilijua roho inafuata,
nilijua wapi atavuta pumzi.
Nikamgeukia Mzee. Kofia ilikuwa magotini,
vidole vikihesabu ukingo wake.

Ulipofika mstari wa mwisho, pale pa kubisha hodi,
yule dada akaimba: *saki*.
Mtia kinywaji. Silabi mbili.
Zilienea barabara.
Kibo imeng'olewa kama jino, na pengo limejazwa.

Tulitoka. Akanunua karanga za senti kumi,
akanipa zaidi ya nusu.
Tumefika karibu na stesheni ndipo akasema,
"Ameimba vizuri. Pale kwenye subira hakuharakisha."
Jumatatu alifungua duka saa mbili kasorobo
akanikemea kwa kupoteza bisibisi.

Maziko yake wadeni tulikuja wengi.
Watoto wakahamia Kanada na masanduku yao.
Daftari sikuliona tena,
sijui kama zile treni zilikutana.

Leo nimemsindikiza mjukuu kusuka, saluni ya Majengo.
Televisheni iko juu ya kikaushio, tamthilia ya Kihindi,
mama mkwe anafoka kwa Kiswahili kisichofuata midomo yake.
Kisha wimbo. Wimbo hawakuutafsiri.
Wameutia ngoma, wameuharakisha, umevaa viatu vipya,
lakini naujua unavyotembea.
Wasichana wanaufuata kwa pua, rasta midomoni,
hawajui maana, kama mimi nisivyoijua.
Dunia. Roho. Subira, na huyu anaharakisha.
Nikanyanyuka kidogo kitini. Mstari wa mwisho.
"Kibo!" nikasema, kabla mwimbaji hajafika.

Msusi akageukia dirishani, kitana mkononi.
"Leo hauonekani, babu," akasema. "Kuna wingu."